Tathmini ya Scratch baada ya muhula mmoja wa kutengeneza somo la Mlima Kilimanjaro

Muhula uliopita, kila Jumatano baada ya kipindi cha mwisho, mimi na mwalimu mwenzangu wa hisabati tulikaa na wanafunzi 22 wa kidato cha tatu katika chumba cha kompyuta cha shule yetu hapa Moshi mjini, tukatengeneza programu ya kuwafundishia watoto wa darasa la tano habari za Mlima Kilimanjaro: kanda zake za uoto, kupungua kwa joto kadiri mtu anavyopanda, na njia ambayo maji ya mlimani hupitia hadi kufika vihambani, yaani kwenye mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba. Programu hiyo ina picha, sauti, vitu vinavyosogea na maswali, na yote tuliyafanya kwa Scratch, chombo cha kuwafundishia watoto kutunga programu za kompyuta. Tulichagua kidato cha tatu kwa sababu hakina mtihani wa taifa mwishoni mwa mwaka, jambo ambalo mwalimu yeyote anayefikiria kazi ya namna hii anapaswa kulipima kabla ya yote. Walimu kadhaa wa hapa na wa Arusha wameniuliza kama chombo hiki kinafaa. Kinafaa sana kumfundisha yule anayetengeneza. Kwa yule anayeletewa kazi iliyokwisha kutengenezwa, kinafaa kwa kiasi tu. Mwalimu anayekitafuta ili apate somo la kuvutia kwa haraka atavunjika moyo.

Scratch ni programu ya bure iliyobuniwa na kikundi cha watafiti kilichoongozwa na Mitchel Resnick katika maabara ya Media Lab ya chuo kikuu cha MIT, Marekani. Ilitolewa kwa umma mwaka 2007, na toleo la 3 lilitoka Januari 2019. Walengwa wake hasa ni watoto wa miaka 8 hadi 16. Mwanafunzi haandiki amri herufi kwa herufi, bali huburuta vipande vya rangi na kuvipachika kimoja chini ya kingine: vya buluu husogeza, vya zambarau hubadili mwonekano, vya njano husubiri tukio kama vile kubofya bendera ya kijani. Vipande ambavyo havipatani kimantiki havipachikani, kwa hiyo yale makosa ya nukta na mabano yanayomkatisha tamaa mwanafunzi katika lugha nyingine za kompyuta hapa hayapo. Kila kitu kilichopo jukwaani, awe mpanda mlima, mgomba au wingu, ni mhusika mwenye amri zake, na anaweza kuwa na mavazi kadhaa, yaani picha zake tofauti, ya kubadilisha.

Wazo la kumfanya mtoto awe mtengenezaji wa somo ni la zamani kuliko Scratch yenyewe. Seymour Papert, mmoja wa waliobuni lugha ya kompyuta ya Logo mwaka 1967, alishikilia kwamba mtoto hujenga maarifa vizuri zaidi pale anapojenga kitu ambacho watu wengine watakiona. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Idit Harel aliwapa wanafunzi wa darasa la nne wa shule moja ya Boston kazi ya kutengeneza programu za kuwafundisha watoto wengine somo la sehemu katika hisabati, na ikaonekana kwamba waliotengeneza walizielewa sehemu kuliko wenzao ambao hawakupewa kazi hiyo. Baadaye Allison Druin, katika Chuo Kikuu cha Maryland, aliwaingiza watoto katika vikundi vya usanifu wakiwa wabia wa watu wazima. Nayataja haya kwa sababu Scratch ukiipakua haiji na mafundisho hayo. Ukiisakinisha na kuwaambia wanafunzi wacheze, utapata paka, yule mhusika anayekuja na Scratch, akizunguka jukwaani na kulia miau, na wiki ya tatu utakuwa bado unaye paka huyo huyo.

Kuhusu mashine, tulikuwa na kompyuta 14, na zilizowaka zilikuwa tisa. Toleo la 3 la kusakinisha linahitaji Windows 10 au ya baadaye, na hapo kompyuta tatu zaidi zikagoma, kwa kuwa zilikuwa na Windows 7, ingawa muuzaji aliyetuletea mtumba huo alikuwa amezibandika vibandiko vinavyodai vingine. Kompyuta hizo tatu tuliziwekea Scratch 1.4, toleo jepesi la mwaka 2009. Faili za toleo hilo hufunguka katika toleo la 3, lakini za toleo la 3 hazifunguki humo, hivyo waliokaa kwenye mashine hizo wakawa wachoraji, wakipeleka kazi zao mbele bila kurudishiwa kitu. Intaneti ilihitajika siku ya kupakua tu. Nilipakua nyumbani kwa bando langu nikabeba kwa flashi. Ipo pia Scratch ya Android, na hiyo ni habari njema kwa walimu wa shule za umma waliogawiwa vishikwambi baada ya Sensa ya mwaka 2022, ingawa kuburuta vipande vidogo kwa kidole ni kazi inayohitaji subira.

Wiki tatu za kwanza hatukuwasha kompyuta hata moja. Tuligawanyika katika makundi matano, kila kundi na ukanda wake: mashamba ya migomba na kahawa hadi karibu mita 1,800, msitu hadi mita 2,800, vichaka na nyasi hadi mita 4,000, jangwa la mlimani hadi mita 5,000, kisha mawe na barafu hadi kilele cha Uhuru kwenye mita 5,895. Kila kundi lilichora kwenye karatasi za manila kile ambacho mtoto ataona, atasikia na kubofya, na chini yake likaandika sentensi moja ya kile ambacho mtoto atakuwa amekijua akitoka hapo. Sentensi hiyo ndiyo iliyotesa makundi yote. Kundi la msitu lilikuwa na nyani, mvua na maporomoko ya maji yaliyochorwa vizuri sana, na halikuwa na la kufundisha hadi mwalimu wa hisabati alipowauliza kwa nini mvua inyeshe hapo kwa wingi na si Pasua, mtaa wa hapa chini mjini.

Katika hatua hii ndipo nilipopata somo langu mwenyewe. Nilikuwa nimechora ubaoni mfongo, yaani mfereji wa asili wa Wachagga wa kumwagilia mashamba, kama mstari wa buluu unaotoka msituni na kushuka moja kwa moja bondeni hadi tambarare. Mwanafunzi mmoja anayetoka Uru, huko mlimani, alinyoosha mkono. "Mwalimu, samahani," alisema, "mfongo haushuki bondeni. Ukishuka bondeni, huo ni mto." Alikuja ubaoni akaeleza kwamba maji huchepushwa kutoka mtoni huko juu, yakaongozwa ubavuni mwa kilima kwa mteremko mdogo sana, na kadiri mto unavyozidi kuzama bondeni ndivyo mfongo unavyobaki juu yake, hata ufike kihambani mgongoni mwa kilima ambako mto usingefika kamwe. Babu yake ni miongoni mwa wanaoitisha watu kwenda kuuzibua. Mimi nimefundisha umwagiliaji kwa miaka tisa, na sijawahi kusimama kwenye mfongo nikajiuliza kwa nini maji yako pale. Tulifuta mchoro wangu. Sehemu iliyotokana na maelezo ya kijana yule ndiyo bora kuliko zote katika programu nzima: mtoto anauinua au kuushusha mwanzo wa mfongo kwa mshale, na akiuweka mwinamo mkali maji yanakula kingo, akiuweka bapa maji yanatuama na majani yanaota humo.

Mwalimu ambaye hawezi kusahihishwa mbele ya darasa asianze kazi hii. Sisemi hivyo kwa kejeli. Mwenzangu mmoja alijiunga nasi wiki ya pili na kuondoka wiki ya nne kwa sababu wanafunzi walikuwa wakipanga vipande upesi kuliko yeye, naye aliona heshima yake inaporomoka. Ukweli ni kwamba tulihitaji sana ujuzi wake wa biolojia na hatukuhitaji hata kidogo ujuzi wake wa kompyuta, lakini hatukumweleza hivyo mapema, na kosa hilo ni letu sisi waandaaji.

Kompyuta zilipowashwa, kazi ilikwenda kasi kuliko nilivyotarajia. Jukwaa la Scratch lina upana wa vizio 480 na urefu wa 360, na sifuri iko katikati, kwa hiyo kumweka mpanda mlima chini kushoto kunahitaji namba hasi mbili. Wanafunzi waliokuwa wakikariri majira ya nukta tangu kidato cha kwanza walianza kuyatumia bila kuambiwa kwamba hiyo ni hisabati. Wanafunzi walioshughulikia kipimo cha joto walitumia kanuni ya makadirio kwamba joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000. Mpanda mlima wao alianza safari Moshi mjini, kwenye mita 900 hivi, joto likiwa nyuzi 28, na alipofika Uhuru kipimo kilisoma hasi 271. Mwalimu wa fizikia aliyekuwa akipita dirishani alicheka hadi akashika nondo, kisha akaingia kuwaeleza kwamba baridi kuliko zote inayowezekana ulimwenguni ni nyuzi hasi 273, hivyo kijana wao alikuwa amebakiza hatua mbili tu. Walikuwa wameandika 100 badala ya 1,000. Walipolirekebisha, kipimo kilisoma hasi 2, na hapo wakaanza wenyewe kuuliza kwa nini wapagazi husema usiku huko juu ni baridi kuliko hivyo. Sina hakika kama swali hilo lingeulizwa katika kipindi changu cha kawaida.

Udhaifu wa kwanza wa Scratch unaonekana pale watu wengi wanapotaka kujenga kitu kimoja. Faili moja haiwezi kuhaririwa na watu wawili kwa wakati mmoja. Njia iliyotusaidia ni kumhifadhi kila mhusika katika faili yake, yenye mwisho wa .sprite3, na kumwingiza katika mradi mkuu siku ya kuunganisha. Siku hiyo iwekeni mapema. Kundi moja lilikuwa limekiita kisanduku chake cha namba "joto" na lingine "halijoto", na baada ya kuunganisha tukawa na vipimo viwili jukwaani, kimoja kikipanda na kingine kimelala. Tulipoteza Jumatano nzima kwa kukosa orodha ya majina tuliyokubaliana. Fahamuni vilevile kwamba Scratch ya kusakinisha haihifadhi kazi yenyewe. Umeme ukikatika, kila kilichofanyika tangu mara ya mwisho ya kuhifadhi kimekwenda. Hilo lilitupata mara moja, kwa uzembe wetu, na tangu hapo mwanafunzi mmoja alipewa kazi ya kupaza sauti "hifadhi!" kila dakika kumi. Aliifanya kwa furaha iliyopita kiasi.

Mwezi wa tatu tuliibeba kazi ikiwa nusu, kwa makusudi, hadi shule ya msingi jirani. Mwalimu wa darasa la tano, mama mmoja mtaratibu aliyekuwa nasi tangu hatua ya karatasi, alituonya tusiwaelekeze watoto wala kuwasaidia, tukae nyuma tuandike tunachokiona. Ilikuwa saa moja ngumu kwa wanafunzi wangu. Maandishi ya mistari sita hayakusomwa na mtoto hata mmoja. Kitufe cha "endelea" kilichochorwa kama jiwe kilionekana kuwa jiwe, na hakuna aliyelibofya. Mtoto mmoja aligundua kwamba akibofya mfululizo anafika kileleni kwa sekunde chache, na ndani ya muda mfupi darasa zima lilikuwa likishindana kufika Uhuru bila kuona ukanda hata mmoja.

Wanafunzi wangu walirudi kimya. Jumatano iliyofuata mmoja wao, ambaye kaka yake ni mpagazi, akasema kwamba mlimani kwenyewe anayekimbia haachwi hivihivi: hushikwa na kichwa, hutapika, na huteremshwa. Basi wakaandika kwamba mpanda mlima akipanda upesi kuliko kiasi, anaanza kuyumba, picha inafifia, na sauti inamwambia "pole pole", kisha anarudishwa kwenye kibanda cha chini apumzike. Kwa amri zisizozidi kumi, mbio za watoto zikageuka kuwa somo la upungufu wa oksijeni, na kila mtoto sasa hulazimika kukaa katika kila ukanda muda wa kutosha kuuona. Marekebisho hayo hayakutoka kwangu wala kwa mwalimu wa hisabati. Yalitoka kwa mtoto wa darasa la tano aliyetuharibia kazi na kijana mwenye kaka mpagazi.

Upande wa lugha unastahili maneno zaidi. Scratch ina Kiswahili katika orodha ya lugha zake, na hilo ni jambo la kusifiwa. Hata hivyo wanafunzi wangu wa sekondari, wanaosoma masomo karibu yote kwa Kiingereza, walipendelea vipande vya Kiingereza, ilhali watoto wa msingi walitaka vya Kiswahili. Ugumu hasa haukuwa kwenye vipande. Wanafunzi wangu walijua kufafanua kwa Kiingereza, kwa maneno ya mtihani, kila kinachohusu uoto na mwinuko, lakini walipotakiwa kumweleza mtoto wa miaka kumi na mmoja kwa Kiswahili kwa nini miti inaisha, walikwama vibaya. Mmoja alisema miti "inafeli". Tulibishana wiki nzima kati ya "uoto" na "mimea", kati ya "mwinuko" na "urefu kutoka usawa wa bahari", na mwalimu wa darasa la tano ndiye aliyekuwa hakimu, kwa kuwa yeye ndiye anayejua watoto wake wamesoma neno gani. Kwa maoni yangu, kubishana huko kulikuwa na thamani kuliko programu yenyewe, kwa maana mwanafunzi asiyeweza kulieleza jambo kwa lugha anayoiota usiku bado hajalielewa.

Kwa sauti, msitegemee kipengele cha Scratch cha kusoma maandishi kwa sauti. Kinahitaji intaneti na hakina sauti ya Kiswahili. Tulirekodi wenyewe kwa simu, katika stoo ya vitabu, kati ya pikipiki moja na nyingine barabarani, na faili za mp3 ziliingia bila shida. Video hazikubaliwi kabisa. Anayetaka kuonyesha filamu ya barafu ya Kibo, sehemu ya juu kabisa ya mlima, itambidi aikate iwe picha kadhaa na kuzibadilisha kama mavazi. Maandishi nayo ni taabu, kwa sababu huandikwa kama mchoro ndani ya vazi, na kurekebisha herufi moja kunamaanisha kufungua mchoro upya. Kwa somo lenye maelezo marefu, slaidi za kawaida zenye viungo vya kurukia kutoka ukurasa hadi ukurasa zitamhudumia mwalimu vizuri zaidi, na sioni aibu kulisema hilo.

Kuikabidhi kazi kwa shule nyingine kulinitia wasiwasi, kwa kuwa si kila kompyuta ina Scratch. Tulitumia kifungashio cha TurboWarp, programu nyingine ya bure, ambacho huugeuza mradi kuwa faili moja ya HTML inayofunguka kwenye kivinjari bila intaneti. Faili hiyo hufunguka kwenye kishikwambi cha mwalimu na kwenye simu, na watoto wanaizungukia meza wanane wanane.

Nikihesabu saa, tulitumia Jumatano 17 kupata somo ambalo mtoto analimaliza kwa dakika 25. Mkuu wa shule ameuliza kama huo ni uwiano wa haki, na swali lake ni la haki. Kwa watoto wa darasa la tano peke yao, si haki. Mwalimu wao angeweza kuwapeleka Rau wakaona msitu na maji kwa nauli ya daladala. Kwa wale 22 nimeridhika, na mwaka huu mwalimu wa hisabati anarudia zoezi hilo kwa somo la sehemu, akiwa na kundi dogo zaidi, la wanafunzi 12, na orodha ya majina iliyobandikwa ukutani tangu siku ya kwanza.

Mwalimu wa darasa la tano aliipokea faili yetu iliyofungashwa, akashukuru, kisha wiki iliyofuata akatuma ujumbe kuomba pia ile isiyofungashwa, inayoweza kufunguliwa na kubadilishwa. Nilipopita kumsalimia, nilikuta mpanda mlima wetu mwenye koti na fimbo ameondolewa. Mahali pake palikuwa na mama aliyechorwa na watoto, amejitwika mkungu wa ndizi, akipanda pole pole kutoka mita 900.